Siku sita na vichujio viwili: kumbukumbu za maji ya njiani

Kumbukumbu hizi nimezipanga upya baada ya kurudi, kutokana na daftari lililolowa pembeni na picha kadhaa, nyingi zikiwa za mifuko ya maji iliyoning'inizwa kwenye matawi. Tulikuwa watatu: mimi, rafiki yangu wa siku nyingi, na dada yake mdogo ambaye ilikuwa safari yake ya kwanza ya kulala mlimani. Njia ilikuwa ya siku sita, ikianzia msituni, ikipanda hadi juu kidogo ya mita 3,600 na kushuka upande wa pili. Karibu kila tone tulilokunywa lilitoka kwenye vijito, chemchemi, mto mmoja na kidimbwi kimoja, na lilipita kwenye vichujio viwili vya aina moja, vidogo kiasi cha kuenea kiganjani.

Siku mbili kabla ya kuondoka

Naanzia hapa kwa sababu kazi kubwa ya maji hufanyika nyumbani. Ndani ya kichujio cha aina hii mna fungu la nyuzi nyembamba zenye uwazi katikati, zimekunjwa kama herufi U na kushikwa kwa gundi ngumu upande wa kutolea maji. Maji machafu huzizunguka kwa nje, hupenya kuta zake, kisha hutoka kupitia ncha zake zilizo wazi. Matundu ya kuta hizo ni ya maikroni 0.1 (maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Vifuko vya Giardia, kimelea kinachoharisha, vina maikroni 8 hivi au zaidi, vya Cryptosporidium, kimelea kingine cha namna hiyo, ni vya maikroni 4 hadi 6, na bakteria wanaoharisha watu ni wakubwa kuliko matundu hayo, kwa hiyo wote hubaki nje. Virusi hupita, kile cha homa ya ini aina ya A, kwa mfano, hakifiki hata maikroni 0.04. Kwa ajili hiyo tulifungasha vidonge vya klorini, ambavyo tulivitumia siku moja tu.

Kichujio changu nilikigeuza kiwe cha kuning'iniza, kwa kuwa kukamua mfuko kwa mikono jioni, vidole vikiwa baridi, ni kazi inayochosha na ndiyo inayopasua mishono ya mifuko. Nilichukua mfuko wa lita 3, nikaukata upande wa chini ili uwe na mdomo mpana wa kutekea, na mdomo huo nikawa naukunja mara tatu na kuubana kwa klipu. Kwenye shingo niliunga mrija wa silikoni wa mita 1, na kichujio nikakiweka mwisho wa mrija, karibu na chupa ya maji safi. Urefu huo ndio unaofanya kazi ya mikono: kila mita 1 ya maji yaliyosimama husukuma kwa nguvu inayokaribia sehemu moja ya kumi ya mgandamizo wa hewa ya kawaida, na ukifupisha mrija kwa nusu, umepunguza na mwendo wa maji kwa nusu. Gharama ya marekebisho yote, kwa mizani yangu, ilikuwa gramu 71 zaidi mgongoni.

Jambo moja nililolifanya kwa makini kuliko yote lilikuwa la rangi. Kila kitu cha upande wa maji machafu, yaani mfuko, mrija, kifuniko cha mfuko na hata kikombe cha kutekea, nilikizungushia utepe mwekundu. Upande wa maji safi haukuwa na utepe wowote. Mtu aliyechoka gizani huweza kufunga chupa ya maji safi kwa kifuniko kilichokuwa kwenye mfuko mchafu bila kujua, na hapo kazi yote ya kichujio imepotea.

Kwa anayetaka kufanya hivi: pima hesi kwanza, yaani ile mifereji ya kuzungushia na kukaza kifuniko. Vichujio vingi vya kukamua vina hesi ya milimita 28 inayokubali chupa za kawaida za soda na maji, lakini Katadyn BeFree ina mdomo wa milimita 42, na viwili hivyo haviungani bila kiungo cha katikati.

Siku ya 1

Gari lililotupeleka mwanzo wa njia lilichelewa saa mbili, tukaanza kutembea jua likiwa limeshapanda. Njia ilikuwa ya udongo mwekundu ulioshikana, yenye mizizi, kivuli kizuri, na vijito vyembamba kila baada ya nusu saa. Kijito chembamba kina tatizo lake: hakina kina cha kuzamisha mfuko. Rafiki yangu alikuwa amekata chupa ya plastiki mshazari, mfano wa upawa, na kwa upawa huo tuliteka maji ya juu juu bila kuchokoa tope la chini. Upawa huo una uzito wa gramu 10 hivi na ulitumika kila siku hadi mwisho.

Jioni niliandika kipimo cha kwanza: lita 1 kwa dakika 3 na sekunde 10. Nilikuwa nimeamua kupima kila jioni, kwa sababu macho hayaoni kichujio kikizeeka, saa huona.

Siku ya 2

Tulipiga kambi mapema, mwinuko wa mita 2,700, karibu na kijito kikubwa zaidi. Nikaning'iniza mfuko uliojaa, nikafungua klipu ya mrija, nikasubiri. Hakuna kilichotoka. Nikaukamua mfuko, yakatoka matone machache, yakakoma. Dada alidhani kichujio kimeziba siku ya pili tu, na mimi mwenyewe nilianza kufikiria hivyo. Ilituchukua dakika 40, na chakula cha jioni kikachelewa kwa kukosa maji ya kupikia.

Chanzo kilikuwa hewa. Nilipofungua mfuko kuujaza upya, mrija ulikuwa umekauka, na maji yalipoingia yaliisukuma hewa mbele yake hadi ndani ya kichujio. Utando uliolowa, yaani kuta za zile nyuzi, hauruhusu hewa kupita. Maji yaliyomo katika vitundu vile vidogo hushikilia kuta kwa nguvu kubwa mno, na hewa inayosukumwa na mita 1 ya maji haiwezi kuyang'oa. Kwa hiyo hewa hukaa pale kama kizibo, ikizifunika nyuzi, na maji yaliyo nyuma yake husimama.

Dawa yake ni kugeuza mwendo. Tulichukua chupa iliyokuwa na robo lita ya maji safi, tukaiunga upande wa kutolea, tukaiinua juu ya mfuko mchafu na kuikamua taratibu. Maji safi yalirudi kinyumenyume, viputo vikapanda kwenye mrija kimoja kimoja kama shanga, vikaingia mfukoni, na tulipoishusha chupa maji yalianza kukimbia. Kuanzia jioni ile nilijifunza kubana klipu kabla mfuko haujaisha kabisa, ili mrija ubaki umejaa. Hilo la hewa kutopita kwenye utando uliolowa naomba msomaji alikumbuke, maana lilirudi tena siku ya 5 kwa sura nyingine.

Siku ya 3

Usiku mvua ilinyesha huko juu, na asubuhi tuliukuta mto ukiwa na rangi ya majivu. Hapakuwa na maji mengine hadi kambi iliyofuata. Tuliyachuja kwanza kwa kitambaa cha pamba kilichokunjwa mara nne, na kitambaa kilizuia majani na mchanga, lakini ule unga laini wa mawe ulipita wote. Kufikia lita ya nne kichujio changu kilikuwa kinahitaji dakika 11 kwa lita 1.

Hapo tulipaswa kusimama na kuyatuliza maji tangu mwanzo. Haraka ndiyo iliyotuponza. Mchana tulifanya ilivyopasa: tulijaza sufuria na mfuko mmoja, rafiki yangu akatoa kipande cha shabu, akakizungusha ndani ya maji mara chache, na tukaacha vitulie kwa saa moja tukila. Shabu hufanya chembe ndogo zishikamane na kuwa madonge yanayozama kwa uzito wake. Nilipotazama sufuria, maji ya juu yalikuwa yameng'aa na chini palikuwa na mashapo laini yenye unene wa ukucha. Tuliteka yale ya juu kwa upawa, bila kuinamisha sufuria.

Kisha tukaviosha vichujio kinyumenyume. Tunatumia bomba la sindano la mililita 60 lisilo na sindano, lililojazwa maji yaliyochujwa tayari, kamwe si maji ya mtoni, kwa kuwa maji machafu yakiingia upande wa kutolea hukaa ndani ya nyuzi na kwenda moja kwa moja kwenye kikombe cha mtu. Dada alisukuma taratibu, kwa huruma, na yakatoka maji meupe tu. Nikamwomba asukume kwa nguvu na kwa ghafla. Ukisukuma polepole, maji huchagua nyuzi zilizo wazi na kuziacha zilizoziba jinsi zilivyo; msukumo mkali huzifikia zote kwa wakati mmoja. Mara ya tatu lilitoka wingu la kijivu, kisha la kahawia, na kati ya misukumo nilikuwa napiga ubavu wa kichujio kwenye kiganja ili kuulegeza uchafu. Tulifika misukumo 9 ndipo maji yakatoka bila rangi. Kipimo cha jioni: dakika 4 kasoro kwa lita 1.

Osheni kichujio kila jioni, hata kama kinaonekana kizima. Uchafu wa siku moja hutoka. Wa siku tano ukikaukia ndani hugeuka ganda.

Siku ya 4

Nusu ya kwanza ya siku ilikuwa ya kupanda kokoto tu, haina la kusimulia. Saa sita tulifika kwenye chemchemi ya mwisho kabla ya kipande kirefu kisicho na maji, na hapo ndipo nilipogundua kwamba mpira wa washa haupo. Ule mduara mdogo mweusi hukaa ndani ya kichujio, mahali mfuko unapofungiwa, na huwa haukazwi na kitu. Nilipogonga kichujio siku iliyopita ili kutoa uchafu, yamkini ulidondoka mtoni.

Bila washa, maji machafu yalivuja kwenye hesi, yakashuka juu ya ganda la kichujio na kudondoka pembeni mwa mdomo wa chupa safi. Huo si uvujaji wa kupuuzwa. Tone moja likiingia kwenye chupa, chupa nzima si salama tena. Tulijaribu utepe mweupe wa mafundi bomba, tukauzungusha mara nyingi kwenye hesi, na ukaendelea kuvuja, kwa kuwa kinachoziba hapo ni ukingo wa shingo unapokandamiza mpira, wala si hesi zenyewe.

Mzee mmoja aliyekuwa akitembea peke yake alifika chemchemini, akatusalimu, akakaa kututazama kwa muda. Kisha akafungua mfuko wa pembeni wa begi lake, akatoa kopo dogo la dawa lililokuwa na washa nne, mipira ya duara ya ukubwa mbalimbali, na kipande cha mrija. "Chukua hii, mwanangu, na hii nyingine ya akiba," alisema. "Mimi nilipoteza yangu miaka mingi iliyopita, nikanywa hivyo hivyo, nikaugua." Alinisubiri hadi nilipofunga na kukausha ganda la kichujio, akapitisha kidole kwenye kiungo kuhakikisha ni kikavu, ndipo akaendelea na safari yake. Sikumwona tena, na ndiyo maana namwandika hapa.

Washa ni vitu vya gramu moja. Beba mbili za akiba, na kabla ya kugonga kichujio, ondoa washa kwanza uishike mkononi au uiweke mfukoni.

Siku ya 5

Kambi ya juu, mita 3,400. Usiku maji kwenye sufuria yaliganda unene wa kidole. Kichujio changu kilikuwa kimelala nami ndani ya mfuko wa kulalia, kimefungwa kwenye mfuko wa plastiki usiovuja. Cha kwao, ambacho dada alikuwa amekiosha vizuri sana jioni, kilibaki kwenye mfuko wa ukuta wa hema.

Asubuhi alikipasha joto mikononi, akakifunga kwenye mfuko na kuanza kukamua. Maji yalitoka kwa wingi kuliko siku yoyote. "Tazameni, kimepona kabisa," alisema kwa furaha, na kwa kweli lita 1 ilijaa kwa nusu ya muda wa jana baada ya kukiosha.

Mimi niliogopa. Kichujio hupungua kasi kadiri kinavyotumika. Hakuna sababu njema ya kuongeza kasi usiku kucha bila kuoshwa. Maji yaliyobaki ndani ya nyuzi yakiganda hutanuka kwa asilimia 9 hivi na kuzipasua, na ufa ukishakuwepo, maji hupita hapo bila kuchujwa. Hakuna harufu wala ladha ya kukuonya, na hata maji yenyewe huonekana meupe kama kawaida. Kichujio kilichoziba hukukasirisha, lakini hakikudhuru. Kilichopasuka hukupendeza, na ndicho cha hatari.

Tulikipima kwa kutumia ile kanuni ya siku ya 2. Nilikilowesha kabisa, nikakizamisha upande wa maji machafu ndani ya sufuria, na kupitia kipande cha mrija safi nikapuliza kutoka upande wa kutolea. Kwanza nilikipuliza changu: viputo vichache vya hewa iliyokuwa imenaswa vikatoka, kisha ikawa kama kupuliza ukuta. Nilipopuliza cha kwao, viputo viliendelea kutoka mfululizo, mstari mmoja mwembamba usiokatika, muda wote nilipokuwa na pumzi. Dada alitazama kimya, kisha akamwaga lita aliyokuwa ameichuja.

Niseme wazi mipaka ya kipimo hiki. Pumzi ya kinywa ni dhaifu, na inaweza kufichua uzi uliokatika au mpasuko mkubwa, lakini mpasuko mdogo ambao bado ni mpana kuliko bakteria unaweza kushikilia hewa na kukudanganya. Kwa hiyo viputo vikitoka, kichujio kimekufa. Visipotoka, hujathibitisha kwamba ni kizima. Kichujio kilicholowa kikiwahi kuganda hutupwa, hata kikifaulu mtihani.

Tulibaki na kimoja kwa watu watatu, na asubuhi ile tulichemsha maji ili tusichelewe zaidi. Juu ya mita 2,000 maji huachwa yachemke kwa dakika 3 kamili, kwa sababu huchemkia kwenye joto dogo kuliko pwani. Lita 4 zilikula gesi tuliyokuwa tumeiweka kwa milo miwili, na tukaondoka saa tatu na nusu badala ya saa moja.

Siku ya 6

Kushuka kulikuwa kwepesi. Maji pekee ya mchana yalikuwa kidimbwi chini ya malisho, karibu na kambi inayotumiwa na watu wengi, na hapo ndipo tulipotumia vidonge vya klorini. Mpangilio wake ni kuchuja kwanza na kuweka dawa baadaye. Uchafu hula klorini kabla haijawafikia virusi, na Cryptosporidium, ambayo huivumilia klorini sana, inakuwa imeshazuiwa na nyuzi. Tulisubiri dakika 30 kivulini. Kichujio kimoja kiliwatosha watu watatu kwa sababu mfuko ulikuwa ukining'inia na kufanya kazi huku sisi tumekaa. Kwa kukamua tu, sidhani tungefika kabla ya giza. Kipimo cha mwisho: dakika 4 na nusu.

Nyumbani

Niliosha kinyumenyume hadi maji yakawa safi, kisha nikakilaza kichujio kwenye siki nyeupe kwa nusu saa, maana maji ya chemchemi za mawe huacha chokaa ambayo msukumo wa maji hauitoi. Nikakisuuza kwa maji mengi sana kabla ya kupitisha maji yenye klorini kidogo isiyo na manukato, kwa kiasi kilichoelezwa kwenye karatasi yake. Kusuuza huko si hiari: siki na klorini zikikutana hutoa gesi ya sumu. Kipimo baada ya yote hayo kilikuwa dakika 3 na sekunde 25, sekunde 15 tu nyuma ya siku ya 1. Sasa kimekaushwa na kinakaa kabatini, midomo yote ikiwa wazi.

Kile kilichoganda rafiki yangu alikikata kwa msumeno mbele yetu. Nyuzi zilikuwa nyeupe katikati ya fungu na za kahawia pembeni, laini kama tambi zilizopikwa. Tulizitenganisha kwa kijiti mmoja baada ya mwingine, tukazimulika kwa tochi, na hatukuona uzi hata mmoja uliopasuka. Washa yake ilikuwa nzima. Dada aliitoa, akaiosha, akaiweka kwenye kopo dogo la dawa pamoja na ile ya akiba aliyotuachia yule mzee.